Azimio Likipita, Lori Halipiti

Juzi nilikuwa Kibaigwa, kwenye soko la nafaka mkoani Dodoma, kwa shughuli nyingine kabisa, kumsainisha mteja mkataba wa pango la ghala. Kabla sijakaa vizuri kwenye gunia nililokaribishwa kama kiti, kijana mmoja wa mahindi akanisogezea simu usoni. Video ya Bungeni, mkataba wa biashara unapigiwa kura: wanaoafiki waseme ndiyo, ndiyooo, meza zinagongwa.

"Wakili, si unaona limepita? Sasa gari langu linadaiwa makaratasi ya nini tena pale mpakani Namanga?"

Mkono mmoja simu, mkono wa pili bambo, kile chuma cha kutobolea gunia kuchukua sampuli, bado lina punje za gunia alilotoka kulitoboa. Nikashusha pumzi. Wiki hiyo alikuwa wa tatu kuniambia hivyo. Wa kwanza alikuwa msomi mwenzangu, na huyo simsamehi.

Kilichopita ni azimio, ndugu zangu. Siyo muswada. Muswada unasomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unakwenda kwa Rais, akiukubali unakuwa sheria, na afisa wa forodha akiivunja unaweza kumshika shati. Azimio la kuridhia mkataba ni mnyama mwingine. Linatoka Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba: Bunge kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Waziri anatoa hoja, kamati inasoma maoni, wabunge wanachangia (nusu ya mchango ni barabara ya jimboni), Bunge linahojiwa, kwisha. Haliendi kwa Rais kusainiwa liwe sheria. Halifuti hata nukta kwenye sheria za nchi. Linaiambia Serikali: haya, nenda kajifunge.

Na Serikali nayo haijajifunga mpaka hati ya kuridhia imefika kwa mtunza mkataba, yaani yule aliyekabidhiwa kupokea hati za nchi zote. Chukueni Eneo Huru la Biashara la Afrika. Mkataba ulisainiwa Kigali tarehe 21 Machi 2018. Ulianza kutumika 30 Mei 2019, kwa waliokwisha kuridhia, nasi hatukuwamo. Bunge letu liliridhia Septemba 2021, hati ikawasilishwa Januari 2022. Kati ya kalamu na hati, karibu miaka 4. Muda wote huo nilikuwa nakutana na watu wananiambia "tumeshaingia". Tumeingia wapi? Tulikuwa barazani, viatu mkononi.

Halafu kuna hati za makubaliano. Hapa ndipo presha yangu hupanda. Kiongozi anakwenda ziara nchi jirani, zinasainiwa hati, kesho yake gazeti linaandika "mikataba". Ukizisoma, nyingi zina kifungu kinachosema wazi kwamba hazimfungi mtu kisheria. Ni ahadi ya kuendelea kuzungumza. Sizidharau, Tume za Pamoja za Kudumu, zile za nchi mbili kukutana na kuzungumza, nazo zina kazi yake, maana lori likikwama saa nane usiku, kinachosaidia mara nyingi ni afisa wa upande huu kuwa na namba ya mwenzake wa upande ule. Lakini usichukue mkopo kwa sababu ya picha ya watu wawili wanapeana mikono.

Jumuiya ya Afrika Mashariki niipitie haraka. Ushuru wa forodha kwa bidhaa za ndani ya Jumuiya ni sifuri tangu 2010. Sharti ni uasili, yaani bidhaa iwe kweli imetoka ndani ya Jumuiya. Mahindi yaliyolimwa Kongwa hayana mjadala, chukua cheti cha uasili. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi. Mawese ya Malaysia uliyoyabadilishia dumu pale Dodoma mjini hayawi ya Tanzania kwa sababu dumu ni la Tanzania. Cheti cha afya ya mimea, kibali cha kusafirisha nje, kipimo cha sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka): hivyo si ushuru, kwa hiyo ile sifuri haivigusi. Basi.

Sasa niseme jambo ambalo darasani hawakulisema, na mimi mwenyewe linaninyima raha. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sheria zote zilikuwepo. Mkataba wa Jumuiya hapa kwetu ulitungiwa sheria mwaka 2001. Umoja wa Forodha ulikuwepo. Sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, ya 2017, nayo ilikuwepo. Kilicholegeza kamba ni mazungumzo: katazo likageuzwa masharti baada ya siku chache, na Mei Rais Samia akaenda Nairobi. Hakuna jaji aliyenyanyua kalamu. Na tusijifanye watakatifu, sisi wenyewe tumeshafunga mahindi yasitoke zaidi ya mara moja.

Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote kupeleka shauri Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, ndani ya miezi miwili. Nimewaeleza wateja habari hiyo kwa sura ya kujiamini kabisa. Hakuna aliyekwenda. Nami moyoni sikuwalaumu, maana mahindi yenye unyevu hayangoji hukumu. Kuna usiku najiuliza kama ninachouza ni sheria au ni stempu tu. Asubuhi naamka naendelea kudai vyeti, kwa sababu hata hayo masharti ya 2021 yalidai vyeti.

Turudi kwa kijana. Nikamwambia weka simu, lete makaratasi. Tukayapanga juu ya gunia. Cheti cha afya ya mimea kipo. Uasili upo. Kibali cha kusafirisha nje kipo, kwa jina la kampuni. Ankara ipo, kwa jina lake yeye.

"Kampuni ya nani hii?"

"Ya shemeji, wakili. Nilikiazima tu kibali."

Nikamwonyesha kwa kidole majina yale mawili. Akayatazama, akaitazama video iliyokuwa bado inacheza, meza zinagongwa. Akaizima, akampigia shemeji. Simu ikaita mpaka ikakatika.