Kiwanda kikija mkoani, fedha hulala wapi?

Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania (1969–1974) ulitaja miji tisa ya kukuza viwanda nje ya Dar es Salaam, na Mbeya ilikuwamo. Reli ya TAZARA ikaleta njia ya mizigo mizito. Baadaye tukapata saruji ya Songwe na karatasi ya Mgololo, Mufindi, mkoani Iringa.

Mgololo ina sababu iliyo wazi. Gogo bichi la msindano (paini), linalosagwa kuwa karatasi, limejaa maji. Ukilisomba hadi Dar ndipo ulisage, umeyalipia maji nauli. Soda ni kinyume chake: karibu yote ni maji, kwa hiyo hutengenezwa Mbeya, jirani na mnywaji.

Ila kiwanda kuwa mkoani ni jambo moja, kipato kusambaa ni jingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30. Na huu ni mkoa wa mahindi, chai na mbao! (Udumavu una sababu nyingi, mzigo wa kazi wa mama ukiwemo; siwatupii wenye viwanda.) Wastani wa pato la mkoa hauoni sahani ya mtoto.

Nenda Mafinga uzitazame dingdong, zile mashine ndogo zinazopasua magogo shambani kwa injini ya dizeli. Msumeno wake mnene hugeuza mbao nyingi kuwa vumbi, mabanzi yakaishia kuni. Wataalamu wa misitu wanaziponda, na kwa upotevu huo wana haki. Mimi nazitetea kidogo: humfuata mwenye ekari mbili za miti huko ndani, na jioni mpasuaji, mpakiaji na mama lishe wote wameondoka na chochote.

Fedha kubwa hupotea kabla msumeno haujawaka. Januari, mtoto anataka sare na nauli ya kwenda bwenini. Dalali anafika, anazunguka shamba mara moja, anataja bei ya miti yote kwa macho. Misindano ambayo ingesimama hadi karibu miaka 20 inaanguka haijafika hata 10.

Dawa yake ya kwanza ni tepu ya fundi cherehani. Pima mzingo wa mti mita 1.3 kutoka ardhini, gawanya kwa 3.14, upate kipenyo: mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha kama 30. Pima miti 30 hivi iliyotawanyika shambani, siyo ile minene ya pembezoni tu, uandike kwenye daftari kabla dalali hajapiga hodi.