Simu, Kipimajoto na Mgonjwa wa Saratani Aliyerudi Nyumbani

Mgonjwa anayepata tibakemia, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, hapa Dodoma hukaa nasi kwa saa chache tu, dripu inapokwisha hupanda basi kurudi Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Kiteto, na mara nyingi hatumwoni tena hadi wiki tatu zipite. Madhara mazito ya dawa hizo humkuta huko nyumbani, mbali na wauguzi wanaoyafahamu. Kwa sababu hiyo, mimi kama muuguzi wa wagonjwa wa saratani nalichukulia kwa uzito mkubwa suala la programu za simu zinazomwezesha mgonjwa kutoa taarifa ya hali yake kila siku au kila wiki.

Ushahidi wa faida yake upo. Mwaka 2017 daktari wa saratani Ethan Basch na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa wagonjwa 766 ambao saratani zao zilikuwa zimeshasambaa mwilini. Baadhi yao waliripoti dalili 12 kwa njia ya mtandao, na dalili ilipozidi muuguzi alipata arifa. Wengine walihudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Nusu ya walioripoti waliishi zaidi ya miezi 31.2, ilhali kwa wenzao kiwango hicho kilikuwa miezi 26. Hapa kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road imeshafanyia majaribio programu iitwayo mPalliative Care Link, inayowaunganisha wagonjwa walioko nyumbani na wataalamu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa.

Naamini nguvu ya programu hizi iko katika namna zinavyouliza. Mgonjwa wetu akiulizwa anaendeleaje hujibu kwamba anamshukuru Mungu, na hujibu hivyo hata kama hajameza kitu tangu juzi, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa kumjibu mtu anayemjulia hali. Programu haimjulii hali. Inamuuliza ametapika mara ngapi tangu jana, amekwenda choo mara ngapi, vidonda vya mdomoni vinamzuia kula au la, na ganzi ya vidole inamzuia kufunga vifungo vya shati au la. Nimeona mama aliyetuambia kliniki kwamba hana tatizo lolote, kisha jioni, binti yake alipomsomea maswali yaleyale kwenye simu, akabonyeza “kali sana” kwenye kichefuchefu na “siwezi kumeza” kwenye uji. Siku iliyofuata tulimpigia, tukabaini kuwa dawa ya kuzuia kutapika alikuwa akiinywa baada ya kutapika, badala ya kuinywa kwa saa alizopangiwa.

Dalili ambayo ningependa kila programu iipe nafasi ya kwanza ni homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dripu, seli nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mwili, hushuka sana, na maambukizi ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa madogo yanaweza kumuua mgonjwa huyu ndani ya muda mfupi. Joto likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura, iwe mchana au saa nane za usiku, na akifika hospitali anatakiwa kuanza antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo mgonjwa anayetetemeka kwa baridi asisubiri namba itimie. Tena asinunue panadoli duka la dawa na kulala, kwa sababu panadoli itashusha joto na kuficha hatari huku maambukizi yakiendelea. Katika zahanati ya kijijini homa hudhaniwa haraka kuwa malaria, jambo linaloeleweka kabisa. Ndiyo maana tunasisitiza mgonjwa atangulize kusema kwamba yuko kwenye tibakemia na aoneshe kadi yake.

Bando, chaji na mtandao ni vikwazo vinavyojulikana. Mwenye kitochi anaweza kuhudumiwa kwa menyu ya namba kama anazotumia kutuma pesa, au kwa kupigiwa simu siku maalumu.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko upande wetu. Arifa inayotumwa Ijumaa jioni na kusomwa Jumatatu ni mbaya kuliko kutokuwa na programu, maana mgonjwa amekwisha kuamini kwamba amesikika, na kwa imani hiyo hakuamka kwenda kituo cha afya. Hospitali isiyoweza kumpangia muuguzi zamu ya kupokea arifa hizo, akiwa na daktari wa kumuuliza na mamlaka ya kumwita mgonjwa, ni heri isianze. Kwa sasa iwape wagonjwa karatasi yenye dalili za hatari na namba moja ya simu inayopokelewa saa zote.

Lipo pia jambo la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria haiwezi kuingia ndani ya nyumba ambamo simu ni moja na inashikwa na mtoto wa kiume. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, anayetokwa na uchafu au damu, hawezi kumtajia mwanawe hayo ili amjazie kwenye kioo. Nikiona sehemu ya maswali hayo imeachwa wazi wiki baada ya wiki, sihesabu kwamba dalili haipo. Naomba muuguzi wa kike ampigie, aombe simu akabidhiwe mama mwenyewe, amuulize kama yuko peke yake, na kama hayuko, wakubaliane saa nyingine.