Grafu bapa haizai grafu bapa kila mara

Wengi hudhani grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari) ikiwa bapa, yaani ikichorika bila mistari kukatana, basi grafu ya mistari yake nayo itachorika hivyo. Si kweli. Weka nukta ya Mji Mkongwe, utoe mistari mitano: Nungwi, Chwaka, Paje, Makunduchi, Kizimkazi. Hakuna inayokatana. Sasa geuza kila mstari uwe nukta, uunganishe zile ambazo mistari yake ilikutana. Yote ilikutana mjini, kwa hiyo kila nukta inashikana na nyingine nne, na mchoro huo, ambao ndio grafu ya mistari, hauchoriki bila kukatana, upinde mistari utakavyo.

Sharti kamili la grafu ya mistari kuwa bapa alilitoa mwanahisabati Jiří Sedláček mwaka 1964: grafu ya mwanzo iwe bapa, nukta yoyote isizidi mistari minne, na kila nukta yenye minne ikiondolewa, kipande cha grafu ilimokuwa kigawanyike. Hilo la mwisho ndilo zuri zaidi.