Saa ya bei mbaya ukitaka kuigeuza hela: ya vijiweni na ya kweli

Hapa Uingereza mtu akibanwa na kodi ya nyumba au ada ya mtoto, alafu ana Rolex au Omega imelala kwenye droo, kila mshkaji anakuwa mtaalamu, huyu anasema uza, yule anasema weka bondi (rehani), mwingine kasikia kwa binamu yake. Naongelea Uingereza tu maana sheria za bondi kila nchi ina zake, usije ukaenda kudai haya Dubai wakakushangaa.

Linaloumiza wengi ni hili: "mtandaoni inauzwa pauni elfu nane, kwa hiyo napata elfu nane." Hupati. Hiyo ni bei ambayo muuzaji anaomba, hujui kama kuna mtu kailipa, na humo ndani kuna faida yake, pango la duka, fundi wa kuifungua na kuikagua, na garantii anayompa mteja. Wewe unamuuzia mtu anayeenda kuuza tena, lazima akupe chini ya hapo. Na ile ya kwamba Rolex haishuki bei, watu waliishika sana 2021 na mwanzo wa 2022 bei za mtumba zilipopaa, baadaye mwaka huohuo zikaanza kuporomoka na walionunua kileleni wakabaki wanatazamana. Kuna modeli chache za chuma ambazo mtumba wake unapita bei ya dukani, hizo zipo kweli, ila saa nyingi za kifahari ukivuka tu mlango wa duka zishapungua.

Sasa bondi. Watu wanaamini ukiweka saa bondi umeshaiuza kijanja, ukichelewa siku moja tu imeenda. Sheria ya mikopo ya 1974 haisemi hivyo. Una muda usiopungua miezi sita wa kuikomboa, na hata huo muda ukiisha bado unaweza kuikomboa mradi hawajaiuza (mkopo wa pauni 75 kushuka chini ndo tofauti, huko kitu kinakuwa chao, ila saa ya kifahari haiwekwi kwa hela hiyo). Wakiiuza wanatoa deni lao, riba na gharama za kuuza, kinachobaki ni CHAKO, na hapa ndo watu wanapoteza hela kizembe kwa sababu mtu anaona aibu, anahama nyumba, anabadili namba ya simu, kumbe kuna chenji yake imekaa. Ukihisi waliiuza bei ya kutupa, wenye duka ndo wanatakiwa kuonyesha kwamba walijitahidi kupata bei halisi ya soko. Upande wa pili wa shilingi, na hili hawakwambii kijiweni, ikiuzwa chini ya deni, kisheria tofauti inaweza kubaki kwako, kwa hiyo soma mkataba usisaini tu kwa haraka ya hela.

Riba yenyewe ni ya kila mwezi, asilimia ndogo kwa macho. Chukua mfano tu, pauni 3,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi, miezi sita ni pauni 900 juu. Kwa maoni yangu kama huoni kabisa hela ya kukombolea itatoka wapi, uza moja kwa moja, bora maumivu ya mara moja. Na kabla ya kuweka saa bondi mahali popote angalia duka kama lina kibali cha FCA, mamlaka ya hapa inayosimamia mambo ya fedha na mikopo, orodha yao iko wazi mtandaoni.

"Ngoja niipeleke ikapigwe polishi kwanza ing'ae." Aisee usifanye hivyo! Mnunuzi anayejua kazi hata mng'ao haangalii, anaweka kioo cha kukuzia jichoni anaanza na pembe za chuma pale mkanda unapoungana na saa, akikuta makali ya kiwandani yamesagwa yakawa mviringo anashusha bei hapohapo. Kwenye saa za zamani ni mbaya zaidi, uso uliopauka kwa miaka mingi ukiubadilisha ukaweka mpya umetupa kitu ambacho wakusanyaji wanakilipia. Almasi za kupachikwa mtaani ndo usiseme, unazilipia wewe alafu zinakupunguzia bei maana saa siyo ya kiwanda tena. Kuchonga jina nyuma vilevile, labda uwe Paul Newman, yule muigizaji wa Marekani: Rolex yake ya chuma, modeli ya Daytona, yenye maneno ya mkewe mgongoni iliuzwa New York 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Wewe na mimi siyo Newman.

Ya kutambua feki pia yamejaa. Eti mshale wa sekunde ukigonga tik tik ni feki, wakati Rolex wenyewe walitengeneza za betri zinazogonga hivyohivyo, Oysterquartz, kuanzia 1977, na saa za Cartier Tank nyingi ni za betri. Na feki za siku hizi mshale wake unateleza vizuri tu. Eti Rolex yenye kioo nyuma ni feki, hiyo ilikuwa na maana zamani kidogo, 2023 walitoa Perpetual 1908 na Daytona ya platinamu zenye kioo. Duka la maana linafungua mgongo na kutazama mashine.

Na bila kasha na karatasi je? Inauzika, bei inapungua, hasa kwa saa mpya mpya. Ila jiandae kwa kitambulisho na maswali. Namba ya saa wanaipitisha kwenye orodha za saa zilizoibwa, London kuna The Watch Register inafanya kazi hiyo, kwa hiyo kama uliinunua kwa mtu barabarani bila risiti unaweza kujikuta huna saa wala hela.

Kodi? Wengi wanaogopa kuuza kwa faida. Saa hapa inahesabiwa kama mashine inayochakaa, kwa hiyo faida ya saa yako binafsi kwa kawaida haikatwi kodi ya ongezeko la mtaji, biashara ya kununua na kuuza ni habari nyingine. Ila ukiinunua Dubai ukaja nayo mkononi na imezidi pauni 390, utaitangaza uwanja wa ndege na kulipa VAT ya asilimia 20, na kuivaa hakuifichi.