Reli Iliyotangulia Moshi: Daraja la Causey na Makaa ya Tanfield

Huenda ni jina letu la garimoshi linalotufanya tuamini kwamba reli na injini ya mvuke ni pacha. Ukweli ni kwamba Daraja la Causey, lililoko katika kaunti ya Durham kaskazini-mashariki mwa Uingereza, lilijengwa kati ya mwaka 1725 na 1726, wakati George Stephenson, anayeitwa baba wa reli, alikuwa bado miaka 55 hajazaliwa. Daraja hilo, linalotajwa kuwa kongwe kuliko madaraja yote ya reli yaliyosalia duniani, lilipitisha mabehewa ya mbao yaliyosheheni makaa ya mawe, kila moja likivutwa na farasi mmoja juu ya reli ambazo nazo zilikuwa za mbao. Kwenye mteremko, farasi alifunguliwa na kufungwa nyuma ya behewa, naye mwendeshaji akakalia gogo refu la breki ili uzito wake ulikandamize gurudumu.

Wengine, wakiuona upinde wenye upana wa mita 31 na kimo cha mita 24 hivi, hudhani kwamba chini yake upo mto mkubwa. Hakuna, ni kijito tu. Tatizo lilikuwa bonde lenyewe, kwa kuwa farasi aliyeshushwa hadi chini na behewa lililojaa asingeweza kulipandisha upande wa pili.

Ipo pia dhana kwamba utajiri wa wenye migodi ulikuwa chini ya ardhi. Nionavyo, ulikuwa zaidi juu yake: makaa ambayo hayakufika mto Tyne, yapakiwe majahazini na kupelekwa London, hayakuwa na thamani kubwa, na kila mwenye shamba njiani alidai malipo ili yapitishwe kwake. Ndiyo maana familia za Liddell, Bowes na Wortley, zilizomiliki migodi, ziliungana mwaka 1726, zikishikilia ardhi na haki za njia kiasi cha kuwabana washindani wao.

Kuhusu Ralph Wood, mwashi aliyelijenga daraja hilo, husimuliwa kwamba alijirusha kutoka darajani kwa hofu kuwa lingeanguka, kama daraja lake la awali la mbao lilivyoanguka. Iwe kweli au la, wanaoisikia hadithi hiyo wasidhani kwamba kazi yake ilikuwa na kasoro, kwani upinde huo uliongoza kwa upana Uingereza nzima kwa takriban miaka 30, hadi lilipokamilika daraja la Pontypridd huko Wales mwaka 1756. Kilicholinyima daraja kazi ni moto uliozuka katika mgodi wa Tanfield mwaka 1739, wala si udhaifu wa mawe, ambayo hadi leo hukanyagwa na watembea kwa miguu.