Uzamivu si uzamili uliorefushwa

Barua pepe ile imefika tena wiki hii. Ina adabu, vyeti vimeambatishwa, alama ni nzuri, halafu inakuja aya ya mwisho: "Nimemaliza uzamili wa uhandisi mitambo, sasa nataka kupanda hadi uzamivu (PhD) ili niwe mhandisi mahiri zaidi." Neno hilo "kupanda" ndilo linalonichosha. Kwa miaka nimelijibu faraghani, mtu mmoja mmoja. Leo nalijibu hadharani, kwa sababu aliyeniandikia ana akili na bidii, na akiingia na picha hiyo kichwani atateseka mwaka wa pili bila kujua kinachomtesa.

Katika uzamili unapewa maswali ambayo kuna mtu anayajua majibu yake. Hata mradi wa mwisho, kwa kawaida msimamizi anajua ni njia ipi itakufikisha, na ukikwama anakusogeza. Katika uzamivu msimamizi hajui. Nisisitize: mimi sijui. Ningekuwa nalijua jibu la swali lako, swali hilo lisingefaa kuwa la uzamivu. Ndiyo maana waliozoea kuongoza darasani mara nyingi ndio huumia mapema. Wanakuja ofisini kuuliza kama wamepatia, na mimi sina karatasi ya majibu mezani.

Mambo ya utaratibu niyapitie haraka. Si kweli kwamba kila mahali lazima upite uzamili kwanza. Marekani wengi huingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, wakasoma kozi za darasani miaka ya mwanzo na kufanya mtihani wa kufuzu kabla ya kuachiwa utafiti. Katika nchi nyingi za Ulaya zinazofuata Mchakato wa Bologna wa mwaka 1999, makubaliano ya kuoanisha ngazi za shahada, uzamili hutangulia, na uzamivu hupangiwa miaka mitatu au minne. Wanaotaka tatizo la kiwanda waulizie pia shahada ya EngD (udaktari wa uhandisi), iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1992, ambayo mtafiti hutumia sehemu kubwa ya muda wake na kampuni. Na uzamivu hautakupa leseni ya kusaini michoro ya daraja. Hata Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao kupitia kwake vyombo vinavyoidhinisha programu za uhandisi vya nchi mbalimbali hutambuana, unahusu programu za shahada ya kwanza ya uhandisi. Ukitaka kusajiliwa, kafanye kazi chini ya wahandisi waliosajiliwa.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa: kifaa.

Maandiko mengi ya utafiti yanayonifikia yanasema, "Nitabuni na kutengeneza pampu yenye ufanisi mkubwa zaidi." Itengeneze! Dunia inahitaji pampu bora, na anayeitengeneza ni mhandisi wa kuheshimiwa. Lakini pampu si tasnifu, lile andiko refu linalokupa uzamivu. Tuseme umebadilisha mpindo wa mapanga, yale mabapa yanayozunguka ndani ya pampu, na ufanisi ukapanda kutoka asilimia 68 hadi 73. Mtahini wa nje hatakupigia makofi, atauliza kwa nini. Ni mpindo uliofanya kazi, au ni uso laini zaidi ulioletwa na njia mpya ya kuyatengeneza mapanga? Ufanisi huo umeukokotoa kutokana na mtiririko, shinikizo, msokoto wa shafti (nguvu inayoizungusha) na kasi ya mzunguko, na kila kipimo kina kosa lake. Makosa hayo yakijumlishwa, je, pointi tano zako bado zinaonekana, au zimemezwa? Mwenye pampu ndogo mara tatu, inayosukuma uji mzito badala ya maji, anaweza kutumia ulichokipata? Na je, kuna kasi ambayo faida yako inageuka hasara?

Maswali hayo ndiyo uzamivu. Pampu ni ushahidi tu.

Josiah Willard Gibbs, ambaye wengi wetu tunamjua kwa thamodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, alipata uzamivu wake Yale mwaka 1863, nao huhesabiwa kuwa wa kwanza wa uhandisi nchini Marekani. Tasnifu yake ilihusu umbo la meno ya gia. Hakuishia kwenye gia moja nzuri, aliuliza meno yapaswa kuwa na umbo gani ili magurudumu mawili yaendeshane sawasawa, na jibu la namna hiyo linamhusu kila mchonga gia.

Mimi mwenyewe nashughulika na nyufa katika metali zinazochoshwa na mizigo ya kujirudia. Sote katika fani hii tunatumia kanuni ya Paul Paris: ufa hukua katika kila mzunguko wa mzigo kwa kiasi kinacholingana na mabadiliko ya ukali wa mkazo kwenye ncha yake, yakipandishwa kwa kipeo fulani. Makala ya kwanza yenye wazo hilo yalikataliwa na majarida kadhaa kabla ya kuchapishwa mwaka 1961. Leo kanuni hiyo inafundishwa kana kwamba haikuwahi kubishaniwa. Lakini kinachonivutia ni mahali inapokoma. Ufa ukiwa mfupi sana hukua haraka kuliko kanuni inavyotabiri. Ukikaribia kuvunja kipande, kanuni haifai tena. Kutoka kwenye kingo hizo mbili zimezaliwa tasnifu nyingi nzuri, na nyingi kati yake hazina kifaa chochote cha kuonyesha.

Nikiri jambo ambalo miongozo ya vyuo huliandika kwa uhakika nisio nao. Inasema tasnifu ilete "mchango mpya katika maarifa". Mchango mkubwa kiasi gani? Nimekaa katika utetezi wa tasnifu ambapo watahini wawili walisoma kurasa zile zile, mmoja akaona kazi ya kutosha na mwingine akaona nusu. Mwanafunzi wangu mmoja alitumia miaka mitatu kuthibitisha kwamba athari tuliyoitarajia haipo. Vipimo vyake vilikuwa safi kuliko vya yeyote niliyewahi kumsimamia. Niliamini, na bado naamini, kwamba huo ni uzamivu kamili, lakini ilinibidi nitetee hoja hiyo kwa saa nzima, na sikushinda kwa hoja pekee. Kuhusu tasnifu za mifano ya kompyuta, yaani hesabu zinazoiga mambo halisi, zisizo na jaribio hata moja la maabara, msimamo wangu umebadilika mara mbili na huenda ukabadilika tena. Nimeona mfano uliofichua kitu ambacho hakuna kipimo kingekifikia, na nimeona picha za kompyuta zenye rangi nzuri zisizosema lolote.

Kwa hiyo, wewe uliyeniandikia, niandikie tena. Acha alama zako, nimeziona. Niambie ni kitu gani ulikiona maabara au kazini, kikakataa kufuata hesabu, ukauliza, na jibu ulilopewa halikukutosha. Sentensi tatu zinatosha. Kama hukupata kitu cha namna hiyo, lakini unapenda kutengeneza vitu vikafanya kazi, nitakuandikia barua ya kukupendekeza kwa mwajiri, na nitaiandika kwa moyo wote.