Karatasi ya A4 inavyokuonyesha gramu, mita ya mraba na tani

Mita haimsumbui mtu mzima. Mwambie mlango una kimo cha mita mbili, naye ataupima kwa macho na kukubali. Sasa mwulize tangi lenye mita moja kila upande, likijaa maji, lina uzito gani. Sisi tunaoshughulika na vipimo huwa tunasikia kilo mia, mia mbili, mara chache mia tano. Ni kilo 1,000, tani nzima. Jicho letu huuweza urefu, ila likifika kwenye eneo na ujazo hupotea njia.

Basi chukua karatasi ya A4, upana milimita 210, urefu milimita 297. Ukubwa huo unatokana na karatasi mama, A0, yenye eneo la mita moja ya mraba. Ikunje A0 katikati mara nne, unapata A4. Kwa hiyo tandika A4 kumi na sita sakafuni, nne kwa nne, na hapo umeiona mita ya mraba. Kisha soma maandishi kwenye rimu: gramu 80 kwa mita ya mraba. Gawanya kwa 16, unapata gramu 5. Huo ndio uzito wa karatasi moja. Rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu, na unene wake ni kama sentimita 5. Yaani kila karatasi ina unene wa takribani sehemu ya kumi ya milimita.

Turudi kwenye tangi, maana ndiko kwenye hatari. Boksi la sentimita 10 kila upande hubeba lita moja, na lita moja ya maji ni kilo moja hivi. Si bahati: mwaka 1795 Wafaransa waliiweka gramu kuwa uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo. (Tangu 2019 kilo inafafanuliwa kwa namba thabiti ya fizikia, lakini hesabu ya maji haikubadilika.) Ndani ya mita moja ya ujazo maboksi hayo huingia kumi kwa kumi kwa kumi. Ongeza kila upande uwe mita mbili, uzito haufiki tani mbili, unafika nane. Anayejenga mnara wa tangi aanze na namba hiyo kabla ya kununua nondo.

Hekta ni rahisi zaidi kukadiria: mita 100 kwa 100, kubwa kuliko uwanja wa mpira wa miguu wa kimataifa.

Makadirio haya yaishie hapo. Dawa ya maji ya mtoto usiikadirie kwa jicho, wala kwa kijiko cha jikoni, kwa sababu vijiko havilingani. Tumia kikombe au bomba lenye alama za mililita, na usichanganye mililita na miligramu.